Kompresa ya Buluu na Maniveli ya Mumba

Mliniletea picha tatu za kompresa, mkazipanga juu ya meza yangu kama karata, mkasema: "Mzee Kunda, ile kompresa ya garaji yetu ya nyumbani imekufa. Tuchagulie nyingine." Kisha mkatoka kwenda kunywa soda, mkaniacha na picha zenu. Ninyi vijana wa njia ya Karavia mna adabu, lakini subira hamna. Jibu la swali lenu ni fupi, lingeenea nyuma ya picha moja. Ila sitalitoa hivyo. Mimi niliwahi kuchagua kompresa ya kushika nafasi ya nyingine, hapa hapa mjini, enzi za ukoloni, mji ulipoitwa Elisabetivile, na kwa kuchagua kule nilimpoteza mtu ambaye sijapata wa kushika nafasi yake mpaka leo. Nitawaandikia habari ya mashine na habari ya mtu huyo pamoja, maana siwezi tena kuzitenganisha. Mkichoka, rukeni kurasa. Mimi sina mtu mwingine wa kumwandikia.

Mtu mwenyewe aliitwa Mumba. Tulikuwa mafundi katika garaji ya mzungu mmoja karibu na stesheni. Yeye alikuwa amenitangulia kwa umri na kwa ujuzi. Mimi niliingia pale nikijua kuosha magari tu. Siku ya kwanza aliniuliza ukoo wangu. Nikamwambia ni wa Mbuzi. Aliweka ufunguo wake chini, akapangusa mikono pole pole, akawageukia wenzake.

"Bandugu," akasema, "nyama imefika. Tena imevaa suruali."

Yeye alikuwa wa ukoo wa Chui. Ninyi mliozaliwa mjini labda mambo haya mnayasikia kwa mbali, basi nieleze. Kwetu, upande wa Luapula, Chui na Mbuzi ni watani. Chui humla mbuzi, ndiyo maana watu wa koo hizo wana ruhusa ya kutukanana, kunyang'anyana chakula na kuchekana mbele ya wakwe, na haramu ni kukasirika. Na mmoja akifiwa, mtani ndiye anayechimba kaburi. Ndiye anayekuja kwenye kilio kuchekesha watu wakati hakuna mwingine anayethubutu kucheka, na ndiye anayeruhusiwa kuchukua kitu chochote cha nyumba ile na kuondoka nacho. Mwenye nyumba hukikomboa baadaye kwa kuku au kwa pombe. Wakishakula pamoja, kilio kimefungwa.

Shikeni hilo la kukomboa. Tutalirudia.

Tangu siku ile, kwa muda mrefu, Mumba hakuniita jina langu. Nilikuwa Mbuzi. Hata mzungu alianza kuniita Mbuzi, akidhani ndilo jina nililobatizwa.

Sasa somo la kwanza, nalo nililipata kwa aibu. Ilikuwa masika. Nilipewa kupiga rangi mlango wa gari la daktari mmoja, rangi nyeusi ya pistole, ile bunduki ya kupulizia rangi, kazi ya kwanza ya maana kupewa. Nikawasha kompresa, nikasimama kwa madaha, nikaanza. Katikati ya mlango pistole ikakohoa, ikatema maji ya kahawia. Rangi ikafanya malengelenge, ikageuka nyeupe pembeni. Sikujua kwamba hewa ya masika ina maji ndani yake, na ukiibana katika tangi yale maji yanabaki chini yakikungoja. Kila tangi lina robine ndogo, bomba la kutolea maji, chini kabisa, na fundi huifungua kila asubuhi kabla hajagusa kitu. Mimi sikuwa nimeifungua kwa juma zima.

Mumba alikwenda kwa mzungu akamwambia kopo la rangi ndilo lililokuwa bovu. Halafu akarudi, akaniinamisha chini ya tangi, akafungua robine, yale maji yakanimwagikia viatuni. "Ona," akasema, "mbuzi amekojoa." Miezi miwili kila aliyepita alikuwa ananiuliza kama nimekojoa asubuhi. Lakini sijasahau robine tena maisha yangu yote. Basi na ninyi, mkienda kutazama kompresa, jambo la kwanza pigeni magoti mtafute ile robine. Ikiwa mahali ambapo mkono haufiki, iacheni, kwa sababu mtakuwa wavivu. Najua mtakuwa.

Jambo la pili pia ni la Mumba. Kompresa zote huja na kibati kidogo kilichoandikwa nguvu zake. Siku moja nilikuwa nakisoma kwa sauti ili waone kwamba nimesoma shule ya mapadri. Mumba akasikiliza mpaka mwisho, akauliza: "Ile kibati baliandikaka wapi?" Nikasema Ulaya. "Kando ya bahari?" Labda. "Basi iko inasema bongo, iko inadanganya. Hapa tuko juu. Hewa ya hapa iko nyepesi, inapita supu ya ku boloko, ya bafungwa." Yeye bahari hakuwahi kuiona kwa macho. Lakini alisema kweli: mji wetu umekaa juu, na mashine inayojaza tangi kwa dakika tano kule chini, hapa itahangaika zaidi, na mota yake itapata joto zaidi. Kwa hiyo chukueni yenye ukubwa kuliko mnaoambiwa na karatasi. Fundi anayeamini karatasi atapaka nusu ya mlango.

Mengine alinifundisha kwa makofi ya mgongo. Usiulize mashine inasukuma kwa nguvu gani. Uliza inatoa hewa nyingi kiasi gani bila kupumzika. Kujaza mpira wa baiskeli hata mtoto anaweza, ila pistole ya rangi hunywa hewa na haishibi. Chagua inayozunguka pole pole kwa mkanda. Ile inayopiga kelele haraka haraka hufa haraka. Na kiangazi, vumbi letu jekundu likianza, funika pua ya mashine, pale inapovutia hewa, kwa kitambaa chenye mafuta na ukifue kila Jumamosi.

Kompresa yangu ya kwanza ya nyumbani tuliijenga naye. Mzungu alikuwa ameitupa nyuma ya garaji, na alipoona tunaitamani akatuambia tuiondoe. Tuliibeba kwa mkokoteni kutoka mjini mpaka sité, mtaa wetu watu weusi, nyumbani kwangu, mimi nikivuta, Mumba akisukuma na kuwaambia wapita njia kwamba anapeleka mbuzi sokoni. Jumapili baada ya misa tuliifungua, tukasaga vali zake kwa unga wa mawe na mafuta, tukaifungia mota ya petroli, maana umeme ulikuwa haujafika barabara yetu. Mke wangu Veronika alitupikia bukari, ugali wetu. Mumba alikuwa anaiba nyama sufuriani mbele ya macho yake na kumwita "bibi yangu niliyeibiwa na mbuzi". Veronika alimkimbiza kwa mwiko. Mungu hakutupa mtoto, Veronika na mimi, na nyumba isiyo na mtoto ina ukimya wake. Lakini Jumapili zile ua wetu ulikuwa na kelele kama ua wa mtu mwenye watoto kumi.

Ile mota ilikuwa inawashwa kwa maniveli. Ninyi mnabonyeza kitufe, kwa hiyo niwaambie: ni chuma cha urefu wa mkono mpaka kiwiko, kimekunjwa mara mbili, na mshikio wa mti. Unakichomeka, unazungusha, mota ikiitika unakichomoa. Yetu ilikuwa inaitika mara ya tatu. Siyo ya kwanza, siyo ya pili. Mumba alikuwa akisema mashine ina adabu, inangoja uite mara tatu kama padri.

Nilifungua garaji yangu nyuma ya nyumba, banda la mabati. Saa za mzungu zikiisha nilikuwa naziba mipira na kupaka rangi baiskeli. Maisha yalikuwa mazuri. Naandika hivyo kwa sababu wakati ule sikulisema.

Veronika alishikwa na homa mwezi wa kwanza wa mvua na hakumaliza juma. Sitaandika zaidi juu ya hilo.

Mumba na Chui wenzake walichimba kaburi. Tuliporudi kutoka makaburini ilikuwa mchana, jua kali baada ya mvua, watu wamejaa uani, wanawake kwenye mikeka, wanaume kwenye viti vya kuazima. Ndipo mtani akaanza kazi yake. Alikuwa amejifunga kitambaa cha kichwa cha Veronika na kushika ndoo yake. Alipita katikati ya watu akitembea kama yeye hasa, na ile namna yake ya kuvuta mguu wa kushoto.

"Kunda! Maji iko wapi? Kunda! Kuni iko wapi? Kunda, mikono yako ya mafuta, umepakaa tena ku shuka yangu!"

Watu wakaangua kicheko. Hata mama yake Veronika, aliyekuwa hajainua kichwa tangu juzi, alificha uso akacheka. Mimi sikucheka. Shuka lile lilikuwa bado kitandani, na alama za vidole vyangu zilikuwa bado ziko.

Mumba akaingia bandani. Akatoka na maniveli begani.

"Bibi amekufa," akaniambia kwa sauti ya kila mtu asikie, "sasa unataka kuamusha nini tena? Hii iko yangu. Kama unaitaka, kuya ku nyumba yangu na kuku."

Leo najua alichokuwa anafanya. Alinijua. Alijua kwamba wageni wakitawanyika tu nitajifungia bandani na mashine, nifanye kazi mpaka nife, nisiseme na mtu. Kwa hiyo alichukua ule ufunguo mmoja wa mahali pa kujificha, akauweka nyumbani kwake, mahali ambapo nikitaka kuupata ni lazima niketi, nile, nitukanwe, nicheke. Hiyo ndiyo dawa, na wazee waliipika muda mrefu kabla yetu.

Lakini siku ile nilisimama nikasema: "Rudisha. Weye ni mwizi. Unaiba ku kilio. Nitakupeleka ku polisi."

Mnaelewa? Kumwita mtani mwizi ni mchezo, huitwa mwizi kila siku. Lakini polisi wa wakati ule hawakuwa mchezo. Lile lilikuwa neno la kweli, na lilitoka katika mdomo wa kweli.

Mumba akavua kitambaa cha Veronika. "Kunda, uko unacheza ao uko unasema ya kweli?"

Ilikuwa mara ya kwanza kuniita kwa jina langu kwa sauti yake mwenyewe. Bado kulikuwa na nafasi. Ningesema "nacheza, chui wa bure wewe," mambo yangekwisha pale pale.

"Ya kweli," nikasema.

Akakikunja kile kitambaa, akamkabidhi mama mkwe. "Sawa," akasema. "Kuku, miye nitangoja." Akaondoka na maniveli, maana kilichochukuliwa na mtani hakirudishwi bila kukombolewa.

Nyumba yake ilikuwa barabara ya tatu kutoka kwangu. Veronika alikuwa ameniachia kuku, mmoja wao jike la madoadoa, mnene, aliyekuwa akilala juu ya tangi la kompresa kwa sababu lilikaa na joto. Ningembeba kwapani na kufika kabla hajamaliza kulalamika. Juma la kwanza nilisema nitakwenda juma la pili. Juma la pili nilisema, aje yeye kwanza aombe msamaha. Kazini alikuwa amehamishiwa zamu ya magari makubwa, upande mwingine wa ukuta, na mimi nikashukuru kwa ule ukuta. Mashine ilikaa kimya bandani. Watu wakaja na mipira yao, nikawaambia kompresa imekufa.

Nilisema hivyo hivyo kama mlivyosema ninyi: imekufa.

Najua mtauliza, si ungempa mhunzi chuma akutengenezee maniveli nyingine? Angeitengeneza kwa nusu siku. Lakini mtaa mzima ungesikia mlio ule ule na kujua kwamba nimemkwepa mtani kwa ujanja. Mimi nilitaka Mumba asikie mlio mwingine kabisa. Kiburi cha mfiwa ni kibaya kuliko cha tajiri, kwa sababu hakuna anayethubutu kukukemea. Basi nikaanza kutafuta kompresa.

Nilitazama tatu, kama ninyi. Ya kwanza ilikuwa chuma kikuukuu kilichotoka kwenye karakana ya machimbo, tangi kubwa la kulaza mtu. Niliigonga kwa nyundo ndogo kuanzia juu kushuka, kama Mumba alivyonifundisha. Juu ililia, ubavuni ililia, chini kabisa sauti ikafa. Pale kutu imekula ukuta kwa ndani, na tangi la namna hiyo siku moja hupasuka na kuua watu. Hiyo niliiacha, na katika safari yote ile ndilo jambo moja nililofanya kwa akili.

Ya pili ilikuwa ya mzungu mzee aliyekuwa anarudi kwao, mwenye garaji ndogo nyumbani kwake. Ilikuwa mbaya kwa sura, nzito, ya chuma cha kumimina, gurudumu kubwa, mkanda mpana, tangi zima mpaka chini. Niliweka kiganja changu kwenye kichwa chake ikifanya kazi: joto la kawaida. Tuliizima tangi likiwa limejaa, tukanywa chai, tukarudi, sindano ya presha ilikuwa mahali pale pale. Vijana, mashine kama ile haionekani mara mbili. Mzee yule aliniona ninavyoitazama, akafurahi. Akaenda pembeni akaniletea maniveli yake, ili niiwashe kwa mkono wangu mwenyewe.

Mkono ulikataa. Nilisimama pale na chuma kile kiganjani, mshikio wa mti, mikunjo miwili, nikasikia uani kwangu watu wakicheka na mimi nikisema "ya kweli". Nikamrudishia. Nikamwambia tangi ni dogo. Alitazama tangi, akanitazama mimi, hakuelewa.

Ya tatu ilikuwa dukani mjini, nyuma ya kioo. Ya umeme. Ya buluu. Siku hizo umeme ulikuwa umeanza kuingia barabara yetu. Ilikuwa ndogo, inang'aa, haina mkanda, na mbele ilikuwa na kitufe kimoja chekundu. Kila alichonifundisha Mumba kilikuwa kinanipigia kelele: tangi dogo, inazunguka haraka, kibati cha kando ya bahari, robine imefichwa nyuma ya miguu. Mimi nilikuwa natazama kitufe. Kitufe hakuna awezaye kukibeba begani. Nikainunua.

Siku niliyoileta, majirani walikuja kuona umeme ukijaza mipira. Niliibonyeza. Ililia kwa sauti nyembamba, kama nzi chupani, na barabara ya tatu walisikia. Watoto walipiga makofi. Jioni walipoondoka nikamchinja yule kuku wa madoadoa, nikampika mwenyewe, chumvi nyingi na mafuta machache, nikamla. Nilimla siku mbili, peke yangu, nikiwa nimeketi bandani. Sijui kama nimewahi kula kitu kwa upweke kama ule.

Asubuhi ya pili nilifungua mlango nikakuta maniveli imesimamishwa ukutani. Ilikuwa imeoshwa kwa petroli na kupakwa mafuta, na mshikio umebadilishwa, mti mpya uliosuguliwa vizuri. Jirani yangu Mama Sidoni alikuwa anafagia.

"Baba Mumba alileta," akasema. "Hakuongea kintu." Halafu akaacha kufagia. "Ulimupa kuku?"

"Hapana."

"Ao pombe?"

"Hapana."

"Amerudisha bule? Bule kabisa?" Akashika mdomo. Yeye hakuwa wa kwetu, lakini katika sité kila mtu anajua mila za kila mtu. "Eh, Baba Kunda. Sasa amekuacha."

Nikaichukua ile maniveli, nikaingia bandani, nikaichomeka katika mashine ya zamani. Mara ya kwanza, kimya. Ya pili, kimya. Ya tatu ikaitika. Ilikuwa nzima. Haikuwa imekufa hata siku moja.

Niliizima, nikaenda sokoni nikanunua kuku mkubwa kuliko wote waliokuwepo, nikaenda barabara ya tatu karibu kukimbia. Njiani nilikuwa najifunza matusi. Nilikuwa nimeandaa la mkia wa chui na la bibi yake chui. Nilifika nikapiga hodi. Mumba akatoka, akaniona, akanishika mkono kwa mikono miwili.

"Karibu, Bwana Kunda," akasema. "Ingia, ikala. Habari ya nyumba?"

Alinipa kiti cha wageni. Mke wake akaleta maji ya kunawa. Tulizungumza habari za mvua. Alimpokea kuku, akashukuru, akasema nimejisumbua. Nilimwambia, "Weye chui, ule na mifupa yote." Akatabasamu kwa adabu, jinsi mtu anavyomtabasamia mgeni anayesema lugha asiyoijua. Alinisindikiza mpaka kona. Alivua kofia.

Vijana, nimewahi kupigwa na kapita, msimamizi wa kazi, mbele ya watu. Nimewahi kulala boloko kwa kosa la mwingine. Hakuna kilichoniuma kama ile kofia.

Kompresa ya buluu haikumaliza masika mawili. Iliungua mota nikiwa katikati ya kupaka mlango, na mlango ulibaki rangi mbili. Nilirudi kwenye ile ya zamani na nimeitumia mpaka nilipostaafu, nikiwasha kila asubuhi kwa mshikio ule alioutengeneza. Mti wake ulikuwa umepimwa kwa kiganja changu. Cha kwake kilikuwa kikubwa zaidi. Kumbe wakati ananingoja na kuku, alikuwa anaketi kwake anaukata kwa kipimo changu.

Yeye alihamia Kambove, kwenye karakana ya machimbo. Alikuja kuniaga, kwa adabu. Miaka ikapita, mkinisamehe sitaihesabu. Siku moja dereva wa lori akaniambia kwamba Mumba wa Kambove amefariki. Nilipanda lori lile lile. Njia nzima nilikuwa najipanga: nitaingia bila hodi, nitamwita maiti mvivu, nitachukua kofia yake na kuondoka nayo, na mke wake atajua kwamba mtani amerudi. Hata kama utani ulikuwa umekatika, nilifikiri labda unaungwa pale.

Nilikuta Mbuzi wengine wamekwisha fika, vijana wa Kambove, wanacheza kazi yao vizuri. Mmoja alikuwa amevaa buti za Mumba na anatembea kama yeye, tumbo mbele, akiomba nyama. Watu wanacheka. Kofia ilikuwa juu ya kiti. Nilikwenda mpaka penye kiti. Nikanyoosha mkono. Ndipo machozi yakanitoka, mbele ya wote, kwa sauti, kama mtoto.

Mtani halii kwenye kilio. Anayelia ni ndugu, au ni mgeni. Yule kijana mwenye buti akaacha mchezo, akanisogelea kwa heshima. "Baba, weye ni nani wake?"

Nikasema: "Nilikuwaka jirani yake."

Wakanipa kiti.

Basi, jibu lenu. Kati ya zile picha, chukueni ya katikati, ile mbaya ya sura yenye mkanda na tangi kubwa. Igongeni kwa nyundo mpaka chini. Ile ya kung'aa yenye vitufe iacheni dukani. Lakini kabla ya kununua hata hiyo, rudini garajini mkatazame ile ya zamani kwa haki. Niambieni: imekufa kweli, au kuna kitu kidogo tu kimepungua, na kitu hicho kiko kwa mtu mnayeona aibu kwenda kumwomba? Kama ni hivyo, mwendeni leo, hata kama ni yeye aliyekosa.

Na jambo moja la mwisho, hili si la mashine. Nimeuliza koo zenu bila ninyi kujua. Wawili kati yenu, bibi zao wazaa mama ni wa Chui, na kwetu ukoo hutoka kwa mama. Maniveli imetundikwa kwenye msumari nyuma ya mlango wa banda. Siku yangu ikifika, mmoja wa hao wawili aingie bila hodi, aichukue, aiweke begani, na aniite Mbuzi kwa sauti kubwa, maana sijaitwa jina hilo muda mrefu. Ninyi wengine mwiteni mwizi, lakini mwiteni mkicheka.

Halafu mkaikomboe. Kuku msimcheleweshe.